Maneno marefu ya Kiingereza: anzia mkiani

Kuna watu wakiona neno kama responsibility kwenye slaidi wanalipitisha fasta fasta huku wameshusha sauti, na kuna wengine wanalikwepa kabisa, wanatafuta neno fupi la kuzugia. Na kwa Tanzania balaa lenyewe linaanzia kidato cha kwanza, maana mtoto katoka shule ya msingi ya serikali kasoma kila kitu kwa Kiswahili, anaingia sekondari tu kwenye baiolojia anaandikiwa ubaoni photosynthesis, classification, respiration, halafu anaambiwa soma kwa sauti. Asome nini sasa?

Hapa chini ni njia ninayowaelekezaga watu. Haitaki ukariri maneno elfu. Kitu kikubwa ni kimoja, kwamba neno refu la Kiingereza unalisoma kuanzia mkiani, yaani zile herufi za mwisho kama -tion au -ity. Ukiutambua mkia umeshajua mkazo unakaa wapi, na mara nyingi umeshajua kama hilo neno ni jina, kitenzi au kivumishi hata kabla hujajua maana.

Humu nitaandika matamshi kwa herufi zetu, silabi nazitenganisha na kistari, na silabi yenye mkazo naiweka herufi kubwa. Kuna irabu moja sisi hatuna, hiyo nitaiandika ə, ile e iliyopinduliwa mnayoionaga kwenye kamusi. Nitaieleza mbele kidogo.

Ulimi wako umezoea nini

Kiswahili mkazo hausumbui mtu. Unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, basi. PI-ka, ukiongeza kitu nyuma nao unasogea, pi-KI-a, ongeza tena, pi-ki-A-na. NYUM-ba, nyum-BA-ni. Wakaidi wapo, kama ba-RA-ba-ra ya kusema mambo yako sawasawa na ba-ra-BA-ra ya magari, ila ni wa kuhesabu. Kwa hiyo ulimi wa Mswahili ukikutana na neno la kigeni unalipiga mkazo palepale ulipozoea, wala haukuulizi. Africa inatoka a-FRI-ka kwa sababu Afrika yetu iko hivyo, wakati wenye lugha wanasema AF-ri-kə. Canada kwao ni KA-nə-də. Utasikia mtu anasema mi-NIS-ta, in-DAS-tri, ka-RAK-ta, na yote matatu mkazo wake uko silabi ya kwanza: MI-ni-stə, IN-də-stri, KA-rək-tə.

Mimi lafudhi sina ugomvi nayo kabisa, ongea Kiingereza cha Mwanza au cha Mombasa, hakuna shida. Mkazo ndo kitu kingine. Msikilizaji wa Kiingereza anaitafuta silabi iliyobonyezwa ndo alijue neno, ukiibonyeza nyingine anabaki anakutolea macho hata kama kila herufi umeitamka. Na ule ulimi wako uliozoea silabi ya pili kutoka mwisho usiuchukie, maana kuna kundi zima la maneno marefu unalipatia bure, tunakuja huko.

Silabi zihesabu kwa sikio

Kiswahili unaandika unachosikia, kwa hiyo kuhesabu silabi kwa macho kunawezekana. Kiingereza hapana. Strengths ina herufi tisa na ni silabi moja tu. Area ina herufi nne na ni silabi tatu, EƏ-ri-ə. Weka kiganja chini ya kidevu halafu litamke neno taratibu, kidevu kikishuka hesabu moja. Ni ya kitoto lakini inafanya kazi, hasa ukiwa unajifunza mwenyewe.

Ambacho kidevu hakikuambii vizuri ni zile silabi zisizo na irabu, na hapa Mswahili ana faida. Neno mtu lina silabi mbili, m-tu, na hiyo m imejisimamia bila kuegemea irabu yoyote. Sasa rhythm ni hivyohivyo, RI-dhm, silabi mbili, m imesimama yenyewe mwishoni. Prism hivyohivyo, na maneno yote yanayoishia na -ism. Button na little nazo ukizisikiliza vizuri mwisho wake ni n tupu na l tupu. Kwa hiyo usiseme ri-thi-mu na usiseme li-to-li.

Halafu kuna silabi zinazoandikwa lakini zimeshamezwa zamani. Wednesday ni WENZ-dei, silabi mbili. Chocolate mbili, CHOK-lət. Business mbili, BIZ-nəs. Comfortable ukiisoma kwa macho unapata nne na watu wengi wanasema kom-fo-TE-bo, ila inayosikika kwa wenyewe ni KAMF-tə-bl, tatu. Vegetable tatu, VEJ-tə-bl. Interesting watu wengi wanaitamka tatu, IN-trə-sting. Hizi ndo za kukariri kweli, hazina fomula, ila nyingi ni za kila siku kwa hiyo ukizisikiliza mara mbili tatu zinakaa.

Na kuna kosa moja linaloongeza silabi pasipo na silabi, nalo ni -ed. Worked ni silabi moja, helped ni moja, asked ni moja, washed ni moja. Ile e haitamkwi. Inatamkwa pale tu kitenzi chenyewe kinapoishia na sauti ya t au d, kama want na need, hapo ndo unapata WON-tid na NII-did. Ukisema wo-ke-di umeongeza silabi mbili za bure. Wingi nao uko karibu na hapo, boxes na watches zinapata silabi ya ziada kwa sababu s haiwezi kukaa vizuri baada ya sauti za s, z, sh, ch na j, lakini books inabaki silabi moja.

Sasa mkia

Hili ndo fungu lenye nyama.

Mikia ya kwanza ni -tion, -sion, -cian, -cial na -ic. Mkazo unakaa silabi inayotangulia huo mkia, yaani silabi ya pili kutoka mwisho, yaani kwako wewe Mswahili hakuna cha kujifunza. Education, e-dju-KEI-shən. Decision, di-SI-zhən, hiyo zh ni kama sh ila inanguruma kama z. Politician, po-li-TI-shən. Official, ə-FI-shəl. Economic, i-kə-NO-mik. Neno hata liwe refu vipi, likiishia na -tion ulimi wako unaenda penyewe, internationalization ina silabi nane na mkazo uko ZEI, palepale. Wanaoandika programu za kompyuta wameichoka hiyo mpaka wanaandika i18n, i mwanzo, n mwisho, na herufi kumi na nane zilizobaki katikati wamezigeuza namba.

Wakaidi wa kundi hili ni wachache ila wanatembea mjini. Television kwa Waingereza ni TE-li-vi-zhən, mwanzo kabisa, sisi tumezoea televisheni yetu kwa hiyo tunateleza. Kwenye -ic kuna politics, PO-li-tiks, kuna Catholic, na kuna Arabic ambayo ni A-rə-bik.

Mikia ya pili ndo inayotuumbua: -ity, -logy, -graphy, -cracy, -nomy, -ical, na vitenzi vyenye -ate. Hawa mkazo wao uko silabi ya TATU kutoka mwisho. University, yu-ni-VƏƏ-si-ti. Electricity, i-lek-TRI-si-ti. Responsibility, ri-spon-si-BI-li-ti, silabi sita, na sasa unaona siyo ngumu kivile, kuna BI moja tu unaitafuta na nyingine zinapita. Technology wengi wanasema tek-no-LO-ji kwa sababu kichwani kuna teknolojia, kumbe ni tek-NO-lə-ji. Biology, bai-O-lə-ji. Geography, ji-O-grə-fi. Democracy, di-MO-krə-si. Economy, i-KO-nə-mi, na hapa linganisha na economic ya pale juu, neno ni lilelile, mkia umebadilika na mkazo umehama. Political, pə-LI-ti-kəl. Vitenzi sasa: communicate, kə-MYU-ni-keit, siyo ko-myu-ni-KEI-ti. Congratulate, negotiate, appreciate, zote hivyo. Hii ya -ate ni kwa neno lenye silabi tatu na kuendelea, zenye mbili kama create zina utaratibu wake.

Ukiwa na muda wa kushika kitu kimoja tu humu, shika hii ya tatu kutoka mwisho, hapo ndo tofauti yako na jana itasikika.

Hapo kwenye -ate kuna kijimtego. Neno hilohilo likiwa kitenzi mkia unatamkwa eit, likiwa jina au kivumishi unafifia unakuwa ət. To graduate, GRA-dju-eit, ni kuhitimu. A graduate, GRA-dju-ət, ni mhitimu. Estimate, separate na delegate nazo ni hivyo. Mkazo haujahama, ni mkia tu umelegea.

Kundi la tatu ni mikia inayojibebea mkazo yenyewe, -ee, -eer, -ese, -ette. Employee, im-ploi-II. Refugee, re-fyu-JII. Engineer, en-ji-NIƏ. Volunteer, vo-lən-TIƏ. Chinese, chai-NIIZ. Mkaidi ni committee, kə-MI-ti, na kama uko kwenye vikao kila wiki hilo utalitumia sana.

Waliobaki, -ment, -ness, -ful, -less, -ly, -er, -ing, ni mikia isiyo na fujo, haigusi mkazo. Develop ni di-VE-ləp, development inabaki di-VE-ləp-mənt, developing vilevile. Kwa hiyo ukikutana na neno lenye hii mikia ivue kwanza, angalia shina lilikuwa na mkazo wapi, halafu irudishe. -able nayo mara nyingi iko hapa, ila admire ni əd-MAI-ə na admirable ni AD-mi-rə-bl, prefer ni pri-FƏƏ na preferable ni PRE-frə-bl. Lugha ya watu.

Kama uko Kenya unasoma kwa ajili ya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina sehemu ya stadi za mazungumzo na maswali ya mkazo huwa yanajitokeza humo, hivi vikundi vitakubeba sana. Tazama mkia kabla hujapiga mstari.

Ile e iliyopinduliwa

Sasa kuhusu ə. Kiswahili kila irabu inapewa haki yake, a ni a iwe mwanzo iwe mwisho. Kiingereza ni cha upendeleo, silabi yenye mkazo inapewa irabu kamili na zilizobaki nyingi zinafifishwa zinakuwa kasauti kavivu, mdomo umefunguka nusu, ulimi hauendi popote. Hiyo ndo ə, na ndo irabu inayosikika kuliko zote kwenye Kiingereza japo haina hata herufi yake. Angalia banana. Imeandikwa a tatu, lakini inatamkwa bə-NAA-nə, a ya ukweli ni moja tu.

Hii ndo sababu mtu anaweza akaweka mkazo sahihi na bado akasikika kama anasoma tangazo. Kuibonyeza silabi moja hakutoshi, lazima uzikanyage nyingine. Fanya hivi: chukua photograph, FOU-tə-graaf. Ongeza y, inakuwa fə-TO-grə-fi, na ile FOU iliyokuwa imenona imekuwa fə. Ongeza -ic badala yake, fou-tə-GRA-fik, sasa TO ndo imefifia. Zisome tatu mfululizo kwa sauti mpaka usikie irabu zinavyopokezana. Na usishangae mkazo kuhama, pika na pikia zinahama vilevile, tofauti ni kwamba kwetu silabi iliyoachwa inabaki na irabu yake na kwao inanyang'anywa.

Kwenye neno refu sana huwa kuna mkazo mkubwa na mdogo. Neno la silabi sita haliwezi kukaa na mkazo mmoja tu mbali huko, kwa hiyo responsibility inabonyezwa kidogo kwenye spon halafu kwa nguvu kwenye BI. University inabonyezwa kidogo yu. Ukipata huo mdogo na mkubwa neno linakuwa na mwendo, hata pumzi haikukatikii.

Kulikata kwa maana

Hapa tunabadilisha kisu. Silabi ni za mdomo, hizi sasa ni sehemu za maana, na hazikatwi mahali pamoja. Photography kimdomo ni fə-TO-grə-fi lakini kimaana ni photo, mwanga, na graphy, kuandika au kuchora. Helicopter ndo mfano ninaoupenda, kila mtu anaikata heli na copter, kumbe asili yake ya Kigiriki ni helico, kitu cha kuzunguka, na pter, bawa.

Mswahili hii kazi anaijua toka tumboni. Hawatatupikia ni ha-wa-ta-tu-pik-i-a, kila kipande kina kazi yake na hakuna aliyetufundisha kukikata. Chukua nationalization. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mabenki yalitaifishwa, na hili neno limejaa kwenye kila andiko la Kiingereza kuhusu kipindi kile. Kiswahili tulianza na taifa, tukaongeza -ish- ikawa taifisha, tukavika u- na -ji ikawa utaifishaji. Kiingereza nation, national, nationalize, nationalization. Ngazi ni zilezile, sema sisi tunajenga pande zote mbili na wao hapa wanarundika nyuma tu. Ukishaona hivyo, neno la herufi kumi na tano linakuwa vipande vinne ambavyo kila kimoja unakijua. Angalia pia irabu, nation ni NEI-shən lakini national ni NASH-nəl, ile ei imeanguka.

Mbele ya neno nako kuna vitu. Kiambishi cha kukanusha in- kinabadilika kulingana na herufi inayofuata: impossible, immature, illegal, irregular. Watu wanakariri hivi kama vitu vinne tofauti. Ni kitu kimoja. Sisi tunasema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya, nyumba mpya, nyumba ndefu, ni ile n- ileile inageuka m mbele ya b na p kwa sababu mdomo unatafuta urahisi. Kilatini kilifanya hivyohivyo. Un- haifanyi hivyo, yenyewe ni ya Kiingereza asilia siyo ya Kilatini, ndo maana unasema unpopular na unlimited bila kubadili kitu.

Na hapa ndo spelingi inapojieleza. Illegal ina l mbili kwa sababu moja ni ya kiambishi na moja ni ya legal. Unnecessary ina n mbili, un na necessary. Misspell s mbili, mis na spell. Disappoint s moja, kwa sababu appoint haianzi na s. Dissatisfied s mbili kwa sababu satisfied inaanza nayo. Government ina n katikati ambayo watu wanaisahau kwa vile haisikiki, lakini ni govern na ment. Accommodation, neno linalokosewa mpaka kwenye vibao vya nyumba za wageni, ni ac, com, mod, halafu mkia, kwa hiyo c mbili na m mbili. Pronunciation yenyewe inawashinda wengi, kitenzi ni pronounce lakini jina ni prə-nan-si-EI-shən, hakuna naun humo.

Utamu mkubwa uko hospitali. Maneno ya madaktari yanatisha ila ni Kigiriki na Kilatini kilichopangwa kwa utaratibu kuliko maneno ya mtaani. -itis ni uvimbe unaowaka: gastritis ni wa tumbo, hepatitis wa ini, arthritis wa viungo, dermatitis wa ngozi. Mkazo wake uko kwenye i ya kwanza ya -itis, inayotamkwa AI, silabi ya pili kutoka mwisho, umepewa bure tena. -ectomy ni kukata na kuondoa, kwa hiyo tonsillectomy ni kuondoa tonsili, ton-si-LEK-tə-mi, mkazo wa tatu kutoka mwisho. Hyper ni kuzidi na hypo ni kupungua, presha ya kupanda ni hypertension na ya kushuka ni hypotension, na kwa jinsi zinavyokaribiana kwenye masikio ukiwa unaongea na daktari kwa simu sema high au low, usijitafutie makubwa.

Sasa hili: otorhinolaryngology. Herufi kumi na tisa. Anzia mkiani, -logy, elimu au tawi la kitabibu, mkazo wa tatu kutoka mwisho, kwa hiyo uko kwenye GO. Rudi mbele: oto, sikio. Rhino, pua, ndo hiyohiyo iliyoko kwenye jina la Kiingereza la kifaru, mnyama wa pembe puani. Laryngo, koo la sauti. Unganisha, ou-tou-rai-nou-la-rin-GO-lə-ji, silabi tisa. Hospitalini hata wao wameona isiwe tabu, mlangoni wanabandika ENT, yaani ear, nose, throat, sikio, pua na koo.

Na lile linalotajwa kila siku kuwa ndo refu kuliko yote kwenye kamusi, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis, herufi 45. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno Marekani, yaani lilitungwa ili liwe refu tu. Lakini vipande vyake ni vya kweli: pneumono mapafu, ultra kupita kiasi, microscopic kidogo kisichoonekana kwa macho, silico ile silika ya kwenye mawe na mchanga, volcano volkano, coni vumbi, -osis hali ya ugonjwa. Ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini la silika, na madaktari wanaowatibu wachimbaji wa migodini wanauita silicosis tu. Mkazo? Mkia ni -osis, OU-sis, tafuta mwenyewe silabi ya ngapi.

Tahadhari moja kwenye kukata kwa maana. Siyo kila in- ni ya kukanusha. Inflammable inayoandikwa ubavuni mwa matenki ya petroli haimaanishi hakishiki moto, inamaanisha kinashika moto haraka, sawasawa kabisa na flammable, kwa sababu imetoka kwenye inflame, kuwasha. Uncle nayo haina un-. Ukikata na kipande kilichobaki hakina maana, rudisha kisu.

Mafupi yenye visirani

Nimesema marefu lakini kuna mafupi mawili matatu lazima yaguswe. Maneno ya silabi mbili yanayoweza kuwa jina na kitenzi, mara nyingi jina mkazo mbele, kitenzi mkazo nyuma. A record, RE-kood, to record, ri-KOOD. Import, export, contract, protest, present, object, nayo hivyohivyo. Mtu aliyeijua barabara mbili za Kiswahili hapa hashangai.

Halafu namba. Fifty ni FIF-ti, fifteen ikisimama peke yake ni fif-TIIN. Kwenye bei hili linaleta ugomvi, dola kumi na tano na dola hamsini siyo mchezo. Na mkazo wa fifteen unaweza kurudi mbele ikifuatwa na neno lenye mkazo mwanzoni, kwa hiyo usitegemee mkazo peke yake, ivute ile ii na uimalizie n yako isikike.

Kuhakikisha

Hii yote ya mikia inakupa jibu zuri mara nyingi lakini siyo mara zote, kwa hiyo neno unalokwenda kulisema mbele ya watu, kwenye intavyuu au prezentesheni, lihakikishe. Kwenye kamusi kuna kakistari kadogo kamesimama juu, ˈ, na kanawekwa KABLA ya silabi yenye mkazo, siyo baada, wengi wanasoma kinyume. Kakistari kama hako kakiwa chini ni ule mkazo mdogo. Vile vidoti vinavyokata neno kwenye kamusi za Kimarekani kama Merriam-Webster usivichukulie kama silabi za mdomo, vile vinaonyesha mwandishi akifika mwisho wa mstari neno likatwe wapi. Kama una bando bonyeza kispika usikilize, rudia papo hapo kwa sauti, halafu liweke kwenye sentensi nzima maana neno peke yake kila mtu analiweza.

Na ukisikia sauti mbili tofauti usichanganyikiwe, Uingereza na Marekani hawakubaliani kila mahali. Laboratory Uingereza ni lə-BO-rə-tri, Marekani LAB-rə-too-ri, silabi nne kote ila mkazo umehama. Advertisement Uingereza ni əd-VƏƏ-tis-mənt, Marekani ad-vər-TAIZ-mənt. Secretary Uingereza wanaimeza inabaki SEK-rə-tri, Marekani wanaitoa nzima, SEK-rə-te-ri. Shule zetu nyingi zinafuata ya Uingereza na filamu tunazoangalia nyingi ni za Marekani, ndo maana darasa moja unaweza kusikia laboratory mbili. Chagua moja, ila mtihani ukiwa wa huku kwetu andika na useme ya Uingereza.